Kumbukumbu za wachimbaji zisikae katika diski moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa Bulyanhulu na vijiji vya jirani tunalipuuza, nalo ni utunzaji wa nyaraka zetu.

Siku hizi karatasi nyingi zimehamia katika kompyuta. Leseni za uchimbaji mdogo, hati za mauzo ya dhahabu, mikataba ya kugawana mifuko ya mawe baina ya mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji, picha za nyumba na mashamba kabla ya tathmini ya fidia, yote hupigwa picha kwa simu na kutiwa katika flashi moja au kompyuta moja ya katibu. Siku flashi ikipotea au kompyuta ikiungua, kikundi kizima hakina ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza kwamba daftari lisilo na nakala nalo hupotea.

Hapa kwetu jambo hili si la mchezo. Wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, mabishano juu ya yaliyotokea yalidumu miaka mingi, na kila mara yalirudi kwenye swali la ushahidi. Mwaka 2017 taifa zima lilishuhudia mvutano juu ya makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi, nao ulikuwa mvutano wa hesabu. Ikiwa Serikali na kampuni kubwa hubishana kwa takwimu, je, mwenye duara moja atabishana kwa nini?

Kwa hiyo ningeshauri kila kikundi, au familia yenye nyaraka nyingi, ijenge seva yake ndogo ya nyumbani. Jina lisiwatishe. Ni kompyuta ya kawaida, hata ya mezani iliyokwisha tumika, yenye diski mbili, ambayo simu na kompyuta nyingine za nyumbani huweza kuhifadhi mafaili ndani yake. Programu zake, kama OpenMediaVault, hupatikana bure. Utaratibu wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja huitwa reidi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley waliueleza tangu mwaka 1988.

Wapo mafundi wanaoshauri diski nne. Ni kweli kwamba diski nne za terabaiti 4 kila moja, katika mpango wa reidi 5, hutoa nafasi ya terabaiti 12, na moja ikifa kazi huendelea. Lakini ni nani kati yetu ana karatasi za kujaza nafasi hiyo? Ukurasa uliopigwa picha ukiwa na megabaiti 3, terabaiti 4 peke yake hubeba kurasa zaidi ya milioni moja. Diski mbili zinazoandikwa sawasawa zinatosha. Moja ikifa, ya pili ina kila kitu.

Tuangalie na umeme pia. Kompyuta ya zamani inayotumia wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 43 kwa mwezi. Kisanduku kidogo cha wati 20 humaliza uniti 14 hivi. Mwenye kompyuta ya zamani aiwashe wakati wa kazi tu.

Hata hivyo, ndugu zangu, diski mbili ndani ya sanduku moja bado si akiba. Zinakula umeme mmoja na zinalala chumba kimoja. Radi, moto au mwizi atazichukua zote. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika na upande wa pili papo hapo. Hivyo fedha ya kununulia diski ya tatu na ya nne za ndani igawanywe. Sehemu inunue diski ya nje, inakiliwe kila Jumamosi, ichomolewe, ikae nyumba nyingine kwa mweka hazina. Sehemu nyingine inunue betri ya yupiesi, ili umeme ukikatika kompyuta izimwe kwa utaratibu. Na kompyuta iwekwe mbali na vumbi la makarasha.

Wapo wasemao kila kitu kiwekwe intaneti. Sipingi kwa leseni na mikataba michache. Lakini picha na video nyingi humaliza bando, na aghalabu akaunti ni ya mtu mmoja. Akiondoka na nywila yake, kikundi hubaki mikono mitupu.

Isitoshe, ndani ya mafaili haya mna nakala za vitambulisho vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zilindwe, hivyo hata diski ya nje ifungwe kwa nywila, nayo ijulikane kwa viongozi wawili.

Mwisho, nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wa Halmashauri ya Msalala waingize somo hili katika mafunzo ya vikundi. Viongozi nao, kila baada ya miezi mitatu, waifungue ile diski ya nje mbele ya wanachama waone kama mafaili yanasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Mkazi wa Kakola,
Bulyanhulu, Shinyanga.