*TAMKO LA TAWI: GESI YA LIKONG'O NA MASHAMBA YETU*



Wiki hii tumepigiwa simu nyingi. Madalali wamerudi mitaani wakisema mtambo wa gesi wa Likong'o unaanza "mwezi ujao", kwa hiyo uza shamba sasa kabla bei haijashuka. Wengine tayari wamepokea kishika uchumba. Kamati ya Utendaji ya Tawi inasema: *msiuze kwa maneno ya dalali.*

Tuwekane sawa. Gesi ipo, zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 zimegunduliwa nchini, nyingi chini ya bahari kuu. Makubaliano ya awali yalisainiwa Chamwino Juni 2022. Lakini makubaliano ya awali si ujenzi. Mpaka mikataba mikuu isainiwe na wawekezaji watoe uamuzi wa mwisho wa kuweka fedha, hakuna tofali. Na huu si mtambo wa kusaga mahindi: gesi inapozwa hadi nyuzi joto 162 chini ya sifuri igeuke kimiminika, ujazo upungue kama mara 600, ndipo ipakiwe melini. Makadirio yaliyotajwa ni dola bilioni 42. Fedha ya namna hiyo haitoki kwa haraka ya dalali.

Tazameni ng'ambo ya Ruvuma. Kule Palma ujenzi ulikuwa umeshaanza, shambulio la Machi 2021 likausimamisha kwa miaka.

Sasa kwa vijana na kina mama, hapa ndipo penye riziki. Kambi ya maelfu ya wafanyakazi inakula kila siku. Lakini mnunuzi wa kambi hanunui samaki wa ndoo moja leo, kesho hakuna. Anataka kikundi kilichosajiliwa, TIN, risiti na mzigo uleule kila wiki. Tusipojipanga, mayai yatatoka Dar es Salaam yakipita mbele ya mabanda yetu. Fundi wa kuchomelea asiye na cheti naye ataishia getini, hata awe hodari vipi. VETA ipo hapa hapa Lindi. EWURA nao wana kanzidata ya watoa huduma wa ndani, jisajilini.

Kwa Serikali tunasema bila kuficha: njooni kwenye mikutano ya mitaa, Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo, mueleze mazungumzo yamefika wapi. Mtwara 2013 watu walikufa kwenye vurugu za bomba la gesi, na moja ya malalamiko ya wananchi ilikuwa kutoelezwa. Hatutaki kuyarudia hayo.

Aliyekwisha kusaini karatasi na dalali aje nayo ofisi ya tawi Jumamosi saa 3 asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa amealikwa.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.*
Tuma kwenye magrupu mengine.