Mafuta ya Ndimu na Jua la Arusha
Harufu ya chungwa au limau huburudisha, na wapo wagonjwa wanaosema huwapunguzia wasiwasi au kichefuchefu. Sipingi hilo. Ninalopinga ni kujipaka mafuta ya ndimu au limau yaliyokamuliwa maganda, kisha kutoka nje. Yana furanokumarini, kemikali ambazo zikipigwa na mionzi ya jua huunguza ngozi, zikaacha malengelenge na madoa meusi kwa wiki au miezi. Themi iko karibu na ikweta, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua lake ni kali. Neno “asilia” kwenye chupa si hakikisho la usalama. Yanuse, usiyapake, usiyanywe, na uyaweke mbali na watoto. Nasi wahudumu, kabla ya kuandika dawa ya fangasi, tumuulize mgonjwa amejipaka nini.