Tangi Linapovuja Mguuni mwa Dereva



Kila tarehe 14 ya mwezi, watu wengi hutega sikio kujua ni bei gani ya mafuta iliyotangazwa na EPRA. Bei hiyo hatuna uwezo wa kuibadili. Lakini kiasi kinachoteketea baina ya nyumba, shule, soko na kazi kimo, kwa sehemu kubwa, mikononi mwetu, au tuseme miguuni mwetu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Tangi likivuja, mchukuzi ndiye mwenye hasara, nayo hasara hiyo hutoka katika fungu lile lile la karo na chakula.

Mwendo wa mjini hula mafuta kwa sababu ya kusimama na kuondoka. Kila gari linapoondoka, injini hutumia nguvu nyingi kuusukuma uzito wake. Breki ikikanyagwa, nguvu ile hugeuka joto ikapotea. Anayeruka kutoka taa hadi taa katika Barabara ya Digo hununua mwendo, akautupa, kisha akaununua tena. Yafaa tuache nafasi mbele yetu, tutazame mbali, tuondoke taratibu na kuinua mguu mapema tuonapo magari yamesimama.

Wako wanaoshuka mteremko gia ikiwa huru, wakidhani wanaokoa mafuta. Katika magari mengi ya kisasa mambo ni kinyume. Mguu ukiinuliwa ilhali gia imo na gari lina mwendo, kompyuta ya injini hukata mafuta. Gia ikiwa huru, injini huhitaji mafuta ili isizime. Tena dereva huupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Ama kuzima injini gari likienda, hilo ni hatari tupu: usukani huwa mzito na breki hupungua nguvu.

Mahali pa kuzima injini ni pale tuliposimama. Gari la kawaida likinguruma papo hapo hula takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, kulingana na injini na kiyoyozi. Chukua gari linalokula lita 0.8 kwa saa. Likisubiri nusu saa kila siku katika foleni ya feri ya Likoni au langoni mwa shule, kwa siku 5 litakuwa limemaliza lita 2 bila kusogea hata hatua. Tukijua kwamba tutasimama zaidi ya dakika moja, na mahali ni salama, tuzime. Mafuta ya kuliwasha tena ni machache mno, na watoto waliopo langoni watapumua hewa safi zaidi.

Joto la pwani twalijua, wala hatumwambii mtu amnyime mzee au mtoto kiyoyozi. Tuegeshe chini ya mwarobaini tukipata, na kabla ya kuwasha kiyoyozi tufungue milango kidogo ili joto litoke. Katika mwendo wa polepole madirisha wazi hutosha mara nyingi. Tukishika kasi kuelekea Mtwapa, ni heri kuyafunga.

Yako pia madogo ya kuangaliwa. Tairi lenye upepo haba huifanya injini ivute zaidi. Tupime asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tutoe mizigo isiyo na kazi kwenye buti, na keria ya juu isiyotumika. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mengine baada ya safari, huenda breki imeng'ang'ania, fundi alitazame. Petroli ya bei ghali nayo haileti nafuu kwa injini isiyoihitaji. Tufuate kitabu cha gari.

Nyumba yenye safari tatu fupi izikusanye kuwa moja. Injini baridi hula zaidi, na safari fupi humalizika kabla haijapata joto lake.

Mwisho, tupime. Anayetia mafuta ya shilingi 500 kila siku hajui gari lake linakula nini. Tujaze tangi, tuandike kilomita, tuendeshe kama kawaida, kisha tujaze tena. Tukienda kilomita 300 na tangi likapokea lita 30, basi gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Tubadili mwendo kwa mwezi mmoja, tupime tena, na tofauti tuihesabu kwa shilingi pamoja na jamaa wa nyumbani. Wao ndio wenye haki ya kujua pesa zilizookolewa zitafanya nini.

Tukutane juma lijalo, inshallah.