TAHARIRI: KUJITEGEMEA SIYO KUBAHATISHA BREKI



Mwezi uliopita pikapu yetu ikitoka Ruangwa mjini na mzigo wa mbolea, breki zilikataa. Dereva alipambana na gia mpaka gari ikaishia kwenye mikorosho. Hakuna aliyeumia, lakini tuliponea chupuchupu.

Tusimtafute mchawi. Pedi zile tulizifunga wenyewe, upande mmoja tu, ili kuokoa hela ya fundi. Tulizinunua bei chee, hazina boksi wala risiti, tukashangilia. Rahisi imetugeukia ghali.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, spea zilipokuwa adimu nchi nzima. Wakati ule mtu alifunga alichokipata. Leo maduka yamejaa. Kazi iliyobaki ni kutofautisha spea ya kweli na ya bandia.

Kubadili pedi wenyewe siyo kosa. Kosa ni kubahatisha. Basi tushike haya:

Kwanza, anayekwenda dukani achukue pedi ya zamani na kadi ya gari, alinganishe, na adai risiti. Bila risiti, huna pa kurudi.

Pili, pedi za mbele zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja. Ukibadili upande mmoja, gari huvuta upande.

Tatu, jeki peke yake isiaminiwe. Weka stendi imara na ukinge magurudumu kwa mawe. Vumbi la breki usilipulize. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Nne, oili ya injini isitiwe kwenye kikopo cha breki. Mipira ya ndani huvimba, breki zikafa.

Tano, kabla ya kuondoka kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha jaribu mwendo mdogo, gari tupu. Fundi aikague kabla ya kupakia.

Tunapendekeza mkutano mkuu utenge fungu la spea kabla ya msimu wa korosho. Na dereva akisema breki mbovu, gari isitoke, hata kama magunia yamekwisha pakiwa. Asiwepo wa kumwambia, "Ah, inashika kidogo, twende tu."

Korosho zikichelewa siku moja, bado ni korosho. Mtu akienda, harudi.

Tujitegemee kwa akili!