Muhimbili Ipande Milima ya Usambara

Wananchi wa Lushoto wana haki ya kuuliza swali moja bila ya kuitwa wakorofi: utafiti wa uganga unaofanywa juu ya miili yetu hurudi lini nyumbani? Hatuulizi kwa chuki. Twauliza kwa sababu chuo chetu kikuu cha tiba, Muhimbili, kinakua, na kitu kinachokua yafaa kielekezwe kingali kinakua.

Kwanza tutoe sifa penye sifa. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo katika Tanganyika nzima walihesabiwa kuwa 12. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, Uganda, na aliporudi mkoloni alimwogopa kuliko alivyouogopa ugonjwa. Dakta Vedasto Kyaruzi alichaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1950. Hakukawia akahamishwa kutoka Dar es Salaam, akapelekwa Kingolwira, kisha Nzega. Mkoloni alijua jambo ambalo sisi wakati mwingine twalisahau, kwamba daktari anayekaa na watu na kuwasikiliza ni mtu wa siasa, apende asipende.

Ndiyo maana Serikali ya wananchi haikungoja. Mwaka 1963 shule ya uganga ilifunguliwa Dar es Salaam chini ya Wizara ya Afya. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1976 ikaunganishwa na hospitali ya Muhimbili, mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 ikasimama yenyewe kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo kinafundisha madaktari, wauguzi, wafamasia, madaktari wa meno na wataalamu wa maabara. Kimepewa eneo kubwa Mloganzila, ambako hospitali ya kisasa ilifunguliwa mwaka 2017. Uchunguzi wake wa ugonjwa wa selimundu, ulioanza mwaka 2004, umefuata maelfu ya wagonjwa mwaka hata mwaka, na mataifa makubwa huja kujifunza kwetu. Anayebeza kazi hii hajui tulikotoka.

Lakini mlima una macho, nao umeona mengi.

Watu wa Usambara hawakuanza jana kuchunguzwa. Wajerumani walijenga chuo chao cha utafiti pale Amani mwaka 1902. Walipanda miti ya kwinini, na vita vya mwaka 1914 vilipowafungia njia za baharini, Amani ndiyo iliyotengeneza dawa ya malaria kwa ajili ya majeshi yao. Baadaye Waingereza wakaigeuza Amani kuwa makao ya uchunguzi wa malaria kwa Afrika ya Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo ikaja mikononi mwetu, na sheria ya mwaka 1979 ikaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Miaka yote hiyo, nani aliyewaonyesha mabwana njia za msituni? Nani aliyekaa usiku kucha na miguu wazi akikamata mbu? Ni watu wetu, na majina yao ni machache mno katika vitabu. (Hata ua dogo la zambarau la misitu yetu limechukua jina la Baron mmoja wa Kijerumani, Saint Paul, nalo linauzwa katika madirisha ya Ulaya. Mtoto wa Amani halijui kuwa ni lake.)

Hapa lazima niseme jambo la matuta, maana wazee hawajalisahau. Baada ya Vita Kuu ya Pili wataalamu wa Serikali ya kikoloni walikuja Mlalo, wakapima mmomonyoko wa udongo, wakaandika ripoti nzuri. Kisha wakawalazimisha wananchi kulima matuta katika miteremko, na asiyelima alitozwa faini. Ripoti haikumuuliza mwanamke wa Kishambaa ambaye ndiye mwenye jembe. Mpango ukakataliwa na watu, na mwisho wa miaka ya 1950 ukafa. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli! Wataalamu hawakusema uongo. Walichokosa ni kuamini kwamba anayechunguzwa naye ana akili. Uganga unaweza kuanguka kwa kosa hilo hilo.

Twende kwenye tauni. Mwaka 1980 ugonjwa huu wa panya na viroboto ulizuka katika wilaya yetu, na kwa zaidi ya miaka 20 ulikuwa ukirudi katika vijiji vya upande wa Mlalo, Mtae na Shume. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 600 wakafa. Tauni hutibika. Dawa zake ni za kawaida, nazo zafaa sana mgonjwa akizipata mapema. Kinachoua ni kuchelewa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitega panya, wakahesabu viroboto, wakapima miinuko na mashamba, wakitafuta sababu ya kijiji kimoja kuugua na cha jirani kusalimika. Walikuta kwamba waliougua zaidi ni wanawake na watoto. Mtu wa hapa haoni ajabu, maana anajua nani analala sakafuni, nani anashinda jikoni penye mahindi, na nani anashuka shambani alfajiri. Kama wenye nyumba hizo wangeulizwa siku ya kwanza, huenda miaka kadhaa ya kukisia ingepungua. Siwalaumu wataalamu hao, walifanya kazi ngumu katika njia mbaya. Nasema kwamba elimu ya mama wa Mtae ni sehemu ya utafiti, nayo yafaa ihesabiwe hivyo.

Wapo wanaosema, mambo ya utafiti yaachiwe Ulaya, sisi tujenge zahanati tu. Huo ni ufinyu. Chini ya milima yetu, katika hospitali ya Teule kule Muheza, watoto walishiriki katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, jumla yao 3,141. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya hospitali za nchi tajiri viliamuru mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri atiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Matokeo yalipotoka mwaka 2011 dunia ilishtuka: katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, karibu 11 walikufa katika siku mbili, na kwa wale ambao hawakutiwa hivyo walikufa 7. Kitabu kilikosea kwa watoto wetu, na hospitali za kwetu ndizo zilizokisahihisha. Mwaka mmoja kabla, Teule na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoonyesha kwamba dawa ya atesuneti huokoa watoto wengi zaidi kuliko kwinini katika malaria kali. Taifa lisilochunguza magonjwa yake litatibiwa kwa vitabu vya wengine, na hesabu ya makaburi italipa lenyewe.

Lakini tazama na upande wa pili. Korogwe ilikuwa moja ya sehemu 11 zilizojaribu chanjo ya malaria kuanzia mwaka 2009. Watoto 15,459 wa nchi saba walitoa mikono yao, na wa Korogwe na Bagamoyo wakiwamo. Mwaka 2019 chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio katika huduma za kawaida, nchi za kwanza zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Sababu za kitaalamu huenda zilikuwapo. Hata hivyo mama wa Korogwe aliyebeba mtoto kliniki mara kwa mara, jua na mvua, alistahili kuelezwa kwa Kiswahili sababu hizo ni zipi.

Sasa basi, Muhimbili ifanye nini? Isije ikadhaniwa twataka chuo kihamishwe kuja Lushoto. Twataka kipande mlima kwa miguu ya wanafunzi wake. Kila anayesomea udaktari akae kipindi cha kweli, si cha juma moja la kupiga picha, katika hospitali ya wilaya au Bumbuli, ambako hospitali ya Walutheri imehudumia watu na kufundisha matabibu. Apelekwe na Lutindi, mahali palipoanzishwa mwaka 1896 kuwa kimbilio la watoto waliookolewa utumwani, pakageuka kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, na hata leo kazi inaendelea. Atajifunza pale yale ambayo jengo la ghorofa halifundishi. Apande na kushuka zile kilometa 33 za kona kati ya Mombo na Lushoto pamoja na mama mwenye uchungu, ndipo ataelewa maana ya neno rufaa.

Mwalimu Nyerere alipata kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi, ni msaliti. Lakini siku hizi tuwe waangalifu na mfano huo. Wako vijana waliohitimu uganga wanaotaka kurudi na hawana ajira, wakati zahanati za milimani zina muuguzi mmoja. Hapo msaliti si kijana. Sisi wa Chama tuna wajibu wa kuisema aibu hii katika vikao, na kuisema mbele ya wenye mafungu ya fedha, hata kama watakunja uso.

Jambo la pili ni kurudisha habari. Mimi nimesomea ualimu, najua kwamba somo lisilomfikia mwanafunzi halikufundishwa. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: redio ikasema, vitabu vya Kiswahili rahisi vikagawiwa, na watu karibu milioni mbili wakakaa katika vikundi vijijini wakisikiliza, wakijadili, kisha wakitoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hawakuwa na simu za mkononi wala barabara za lami. Leo tuna vyote, na bado matokeo ya utafiti wa Usambara yanasomwa kwa Kiingereza na watu wasiojua Usambara iko wapi.

Kwa hiyo twaomba sharti moja liandikwe katika kila kibali cha utafiti wilayani: mtafiti arudi. Arudi kwenye kijiji kile kile, katika mkutano mkuu wa kijiji, asimame mbele ya waliotoa damu na makohozi yao, aeleze kwa Kiswahili alichokiona, aulizwe maswali na ajibu, na karatasi ya maelezo yake ibaki katika ofisi ya kijiji na katika shule. Madiwani wa Lushoto na Bumbuli wanaweza kulianza jambo hili bila kungoja Dodoma. Gharama yake ni nauli ya kupanda mlima mara moja zaidi, nayo iwekwe katika hesabu ya utafiti tangu mwanzo, pamoja na bei ya vipimo.