KIDONDA CHA MDOMONI SI CHETI CHA KUPONA HOMA

Mtu ashukaye kutoka vijiji vya baridi vya Milima ya Upare, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa meta 2,462, hadi uwanda wa Same, huonja baridi na jua kali katika siku moja. Baridi, jua, uchovu na homa huamsha malengelenge ya midomoni. Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kuwa hili ni la watu wa bara peke yao. Mvuvi ashindaye juani baharini naye yumo.

Wapo wasemao kwamba malengelenge yakitokea, homa inatoka. Kauli hiyo ni ya hatari. Malengelenge hayo huletwa na virusi vya herpesi, ambavyo wengi wetu huambukizwa tangu utotoni, na hujificha katika mishipa ya fahamu maisha yote. Homa huviamsha tu. Mzazi anayeacha kumpima mtoto malaria kwa kuona malengelenge, aweza kumpoteza. Uwanda wa Upare unaujua ugonjwa huo: Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta ulipulizia nyumba dawa ya mbu katika miaka ya 1950, na kazi hiyo ilipokoma mwaka 1959, malaria yalirejea polepole.

Wala si haki kumnyooshea kidole mwenye malengelenge kana kwamba ni mwasherati. Kwa kawaida hupona yenyewe katika siku 7 hadi 14. Yasitumbuliwe wala kupakwa dawa kali. Mgonjwa anawe mikono, asishiriki kikombe na wenziwe, wala asimbusu mtoto mchanga, ambaye virusi hivyo vyaweza kumwua. Dawa ya asaikloviri hufaa zaidi ikianzwa mapema, midomo inapoanza kuwasha. Penisilini haiui virusi. Kidonda kikikaribia jicho, kikizidi wiki mbili, au mgonjwa akiwa na upungufu wa kinga, aende kwa mganga bila kukawia.

Viongozi wa afya, bara na visiwani, hawana budi kuhakikisha kwamba kila zahanati, hata ile ya mlimani isiyofikika kwa urahisi wakati wa masika, ina vipimo vya malaria, na kwamba kina mama wanaelezwa ukweli huu kliniki. Elimu hiyo haina gharama kubwa. Kuikosa ndiko kwenye gharama.