Mchezo Mgumu Si Ugonjwa

Mwaka 1987 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Contra, na mwaka uliofuata ukaingia katika mashine za nyumbani. Mchezaji hukimbia, huruka na kufyatua risasi huku maadui wakimjia kutoka kila upande. Huanza na maisha matatu tu, na risasi moja yatosha kumpotezea moja. Hata leo wapo vijana, waliozaliwa miaka mingi baadaye, wanaoujaribu usiku kucha. Mzazi anayewatazama hushangaa: kuna starehe gani katika kufa mara mia?

Jibu limo katika namna ugumu huo ulivyopangwa. Mizinga na mitego mingi hukaa mahali palepale kila mchezo unapoanza upya. Anayekufa huijua sababu: aliruka mapema, au alisimama pasipofaa. Baada ya sekunde chache hujaribu tena, wala hakuna anayemkaripia. Kosa la jana huwa ujuzi wa leo, na mchezaji huyaona maendeleo yake kwa macho. Mzoefu humaliza hatua zote 8 kwa muda usiofika nusu saa, lakini nyuma ya nusu saa hiyo kuna siku nyingi za kushindwa.

Mvuto wa namna hii haupaswi kuitwa uraibu kwa haraka. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa unaotokana na michezo ya video katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Lakini vigezo vyake ni mahususi: mtu ashindwe kujizuia, mchezo utangulie mambo mengine ya maisha, na aendelee kucheza ijapokuwa anaona madhara. Hali hiyo kwa kawaida idumu angalau miezi 12, na iathiri vibaya familia, masomo au kazi. Idadi ya saa pekee si kigezo, wala ugumu wa mchezo si kigezo.

Hii haina maana kwamba kukesha hakuna madhara. Usingizi uliopotea hudhoofisha umakini darasani, na mzazi ana haki ya kuweka mipaka. Hata hivyo, kijana anayeletwa kliniki na kupewa jina la mraibu kabla ya kuulizwa neno lolote hujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Siku atakapokuwa na huzuni nzito, ambayo huenda ndiyo inayomfanya akimbilie mchezo, hatamwambia mtu. Ni heri mtoa huduma aanze na maswali mepesi: unalala saa ngapi? Mara ya mwisho ulipoamua kuacha, uliweza? Ni jambo gani ulilolipenda zamani ambalo sasa umeliacha?

Watumishi wa afya wenyewe wanaifahamu thamani ya kukosea mahali pasipo na hatari. Nchini Tanzania, wakunga hufundishwa kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa kutumia mwanasesere, barakoa na mfuko wa kusukumia hewa. Hurudia mpaka mikono izoee, kwa sababu chumba cha kujifungulia hakina nafasi ya pili.

Tena, hata fundi huhitaji msaada. Mwaka 1986 Kazuhisa Hashimoto wa Konami, alipokuwa akiujaribu mchezo mwingine mgumu, Gradius, aliona unamshinda, akatunga mfululizo wa siri wa vitufe wa kumrahisishia kazi. Mfululizo huohuo uliwapa wachezaji wa Contra maisha 30. Kijana aliyelemewa, awe na ugonjwa au asiwe nao, anastahili kukuta kliniki msaada wa namna hiyo, unaotolewa bila kumwaibisha.